Ninhidrini inaipaka karatasi nzima rangi ya waridi, alama za vidole hazisomeki. Tunakosea wapi?

Mtendanishi

Heshima kwenu wakuu. Naomba mwongozo kuhusu kuibua alama fiche za vidole kwenye karatasi kwa ninhidrini, kemikali inayotoa zambarau ikikutana na asidi amino za jasho.

Vielelezo ni vya aina nne: karatasi nyeupe za kuchapia zenye mwandiko wa kalamu, kipande cha boksi la kahawia, risiti mbili za zile mashine zinazochapa kwa joto, na bahasha iliyolowa maji kisha ikakauka yenyewe. Vielelezo vyenyewe bado havijaguswa. Tunajaribu kwanza kwenye karatasi za mazoezi tulizozishika makusudi, na hali si nzuri.

Tunachofanya: ninhidrini gramu 5 kwenye lita moja ya asetoni, tunapaka kwa brashi mara mbili, tunaacha ikauke, halafu tunapitisha karatasi juu ya mvuke wa birika. Karatasi nyeupe inageuka waridi karibu yote, wino unatiririka, na mistari ya kidole inaonekana kama imevimba. Kwenye boksi kuna madoa ya zambarau lakini huwezi kuhesabu mistari. Risiti inakuwa nyeusi tii ndani ya sekunde chache. Karatasi tuliyoilowesha haitoi chochote.

Maswali yangu: ni njia ipi inatangulia na ipi inafuata? Vipimo sahihi ni vipi? Na bahasha iliyolowa ina matumaini yoyote?

Vifaa tulivyonavyo: kabati la kufyonza hewa, oveni ya kawaida isiyodhibiti unyevu, mizani ya miligramu, taa ya kijani ya nanomita 532 yenye miwani ya chungwa, na kamera.

Selulosi

Mkuu, ninhidrini yako haina kosa. Kinachokuharibia ni asetoni, brashi na birika.

Tuanze na unachokitafuta. Kidole huacha jasho na mafuta. Ndani ya jasho kuna asidi amino, na serini ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, ila kwa alama moja tunazungumzia nanogramu mia chache tu. Zikishazama kwenye karatasi hushikamana na selulosi na hazihami tena karatasi ikibaki kavu, na hiyo ndiyo sababu ninhidrini inaweza kuibua alama zilizokaa kwenye karatasi miaka na miaka. Chumvi ya jasho haina uaminifu huo. Unyevu wa hewa peke yake unaitawanya, kwa hiyo njia ya zamani ya nitrati ya fedha, inayokamata kloridi, inafaa kwa alama changa tu.

Sasa fikiria mvuke wa birika. Ukigusa karatasi ya baridi unageuka matone, na asidi amino huyeyuka vizuri sana kwenye maji. Kabla hazijamaliza kutendana na ninhidrini zinaogelea nje ya mstari wao, na ule uvimbe unaouona ndio huo. Brashi nayo inaburuta wino, na kupaka mara mbili kunaacha ninhidrini nyingi isiyo na kazi, ambayo unyevu ukizidi inageuza karatasi nzima. Asetoni inayeyusha wino wa kalamu moja kwa moja.

Acha brashi. Tumia trei na uchovye mara moja. Hii ndiyo fomyula inayotumika sana kwenye maabara:

Myeyusho mama: ninhidrini gramu 25, ethanoli kavu mililita 225, ethili asetati mililita 10, asidi asetiki kali mililita 25. Koroga kwa kikorogeo cha sumaku mpaka chembe zote ziishe. Hifadhi kwenye chupa ya kahawia.

Myeyusho wa kazi: chukua mililita 52 za myeyusho mama, ongeza lita moja ya HFE7100 (kiyeyushi chenye florini) huku unakoroga.

Ethanoli hapo kazi yake ni kuyeyusha ninhidrini, basi. HFE7100 ndiyo inayobeba, na kwa kuwa haina nguvu ya kuyeyusha wino, mwandiko wako unabaki ulipo. Asidi asetiki inashusha pH kufikia karibu na 5, mahali ambapo mmenyuko unakwenda vizuri. Ukiona myeyusho wa kazi una ukungu, au matone ya mafutamafuta yanaelea juu, kuna maji yameingia: aidha ethanoli haikuwa kavu, au chupa ya kupimia ilioshwa ikatumika mbichi. Usiutumie. Matone hayo ni ninhidrini kali, na yakigusa kielelezo yanaacha madoa ya mviringo yasiyotoka.

Shika karatasi kwa kibano, ipitishe kwenye trei kwa sekunde zisizozidi 5, inyanyue, iache ichuruzike kwenye kona moja. Ianike ndani ya kabati mpaka ikauke kabisa. Hapa usiwe na haraka: HFE ikikutana na joto kali inavunjika na kutoa gesi zenye floridi ya hidrojeni, na hiyo si gesi ya kuchezea.

Kwa joto na unyevu, kipimo kizuri ni nyuzi 80 na unyevu wa asilimia 62 hadi 65, dakika 2 mpaka 4. Oveni yako haidhibiti unyevu, basi usiitumie kwa ninhidrini. Chukua sanduku la plastiki lenye kifuniko, weka chini bakuli la chumvi ya kawaida iliyoloweshwa mpaka ikawa uji mzito, ining'inize karatasi juu bila kugusa bakuli, funga, weka gizani. Uji wa chumvi iliyoshiba unashikilia hewa kwenye asilimia 75 hivi bila umeme wala kipimo. Angalia baada ya saa 24, tena baada ya saa 48. Alama nyingine zinachelewa hata wiki mbili. Binafsi nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya haraka na usafi, naiacha gizani. Usuli unakuwa mweupe zaidi kuliko wa oveni.

Jambo moja la karatasi zenyewe: kuna karatasi zilizotengenezwa kwa jelatini kama gundi ya kuzibia uso. Jelatini ni protini, kwa hiyo ninhidrini inaigusa nayo. Hizo zitakuwa waridi hata ukifanya kila kitu sawasawa. Kata kona tupu, ijaribu kwanza.

Indigo532

Naunga mkono yote ya Selulosi, ila kwa karatasi nyeupe na hasa kwa boksi, mimi nisingeanza na ninhidrini kabisa. Una taa ya nanomita 532, na hiyo ni hazina.

Zambarau ya ninhidrini (ile wanayoiita zambarau ya Ruhemann, kwa jina la mkemia aliyeigundua mwaka 1910) unaiona kwa kuwa inameza mwanga. Kwenye boksi la kahawia usuli nao unameza mwanga, kwa hiyo tofauti inapotea. Unachohitaji hapo ni alama inayotoa mwanga wake yenyewe. Kuna vitendanishi viwili vya namna hiyo, DFO na indandioni yenye zinki. Vyote vinashika asidi amino zilezile, na vyote viking'aa unaviona chini ya taa ya kijani kupitia miwani ya chungwa.

Chagua kimoja. Ukitumia kimoja baada ya kingine hupati faida, kwa sababu vinagombea chakula kimoja. Mimi naenda na indandioni:

Kwanza zinki: kloridi ya zinki gramu 0.1 kwenye ethili asetati mililita 4 na asidi asetiki mililita 1.
Kisha: indandioni gramu 0.25, ethili asetati mililita 45, methanoli mililita 45, asidi asetiki mililita 10. Ikishayeyuka yote ongeza mililita 1 ya ule myeyusho wa zinki, halafu lita moja ya HFE7100.

Chovya, anika, kisha oveni kavu nyuzi 100 kwa dakika 10. Hapa oveni yako ya kawaida inafaa kabisa, kwa kuwa unyevu hautakiwi. Zinki ndiyo inayokuokoa: inashikilia hatua ya kati ya mmenyuko ili isiharibike hewa ikiwa kavu, na matokeo hayayumbi kutoka siku ya mvua hadi siku ya jua. Alama inatoka waridi hafifu kwa macho, lakini zima taa za chumba, washa ile ya kijani, vaa miwani, utaona mistari inawaka njano na vitundu vya jasho vimejipanga juu ya mstari kama shanga.

Ukiamua DFO: gramu 0.25, methanoli mililita 30, asidi asetiki mililita 20, HFE7100 mililita 725 na HFE71DE (kiyeyushi cha jamii hiyohiyo) mililita 275. Oveni kavu nyuzi 100, dakika 20. DFO na maji ni paka na panya. Karatasi yenye unyevunyevu itatoa alama hafifu, na myeyusho wenyewe ukiingia maji unajitenga matabaka mawili. Usirudishe kwenye chupa mabaki ya trei.

Mpangilio sasa: indandioni au DFO kwanza, piga picha, halafu ninhidrini. DFO haimalizi asidi amino zote, kwa hiyo ninhidrini ikifuata inaokota zilizobaki, na mara nyingi inaleta alama ambazo DFO haikuonyesha. Baada ya indandioni nyongeza ya ninhidrini huwa ndogo, lakini haidhuru kujaribu. Kinyume chake haifanyi kazi: ukianza na ninhidrini, DFO haina tena cha kushika.

Kitu kimoja kuhusu miwani. Miwani inalinda macho yako na kukuonyesha alama. Kamera inahitaji kichujio chake mbele ya lenzi, cha chungwa kinachozuia kila kitu chini ya nanomita 549 hivi. Bila hicho utapiga picha ya taa ya kijani tu. Baadhi ya maboksi yanang'aa yenyewe. Ukikutana na hilo weka kichujio cha kuelekea wekundu zaidi. Alama itafifia kidogo lakini usuli utafifia zaidi.

Mtendanishi

Asanteni sana wakuu, hii imeshafungua macho. HFE7100 tukiikosa kuna mbadala? Na je, kuna lolote la kufanya kabla ya kemikali yoyote?

Selulosi

Swali la HFE ni la msingi. Watengenezaji wake, 3M, walitangaza mwaka 2022 kwamba wangeachana na kemikali za jamii ya PFAS (zenye florini, zisizooza kirahisi kwenye mazingira) ifikapo mwisho wa 2025, na HFE7100 imo humo. Kiyeyushi kilichotangulia, CFC-113, nacho kiliondolewa kwa ajili ya tabaka la ozoni, kwa hiyo kazi hii imeshahama kiyeyushi mara moja na sasa inahama tena.

Fomyula ya zamani inayofanya kazi vizuri ni hii: ninhidrini gramu 5, methanoli mililita 30, isopropanoli mililita 40, kisha etha ya petroli mililita 930. Yeyusha ninhidrini kwenye methanoli kwanza, ongeza isopropanoli, mwisho etha. Kwa wino ni salama karibu sawa na HFE. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: inawaka kama petroli. Hakuna moto, hakuna swichi inayotoa cheche karibu, na karatasi iliyochovywa humo isiingie oveni hata ikionekana kavu. Sanduku la chumvi gizani linatosha.

Kabla ya kemikali, yes, kuna kazi. Angalia kwa taa ya pembeni, mwanga ukilala karibu sambamba na karatasi. Angalia tena kwa taa ya kijani na miwani, kwa sababu kidole kilichoshika grisi au rangi kinaweza kung'aa chenyewe. Piga picha pande zote mbili kabla hujachovya, mwandiko ukiwemo. Kama kuna uwezekano wa kutafuta michubuko ya maandishi yaliyoandikwa kwenye karatasi iliyokuwa juu yake, kile kipimo cha umemetuli kifanyike kwanza kabisa. Kiyeyushi kikishapita hakifanyi kazi tena. Lakini mwambie anayekifanya asiiache karatasi kwenye unyevu muda mrefu. Na kama DNA inahitajika, makubaliano yafanyike sasa kuhusu sehemu itakayochukuliwa sampuli, si baada ya trei ya tatu.

Glavu ni za nitraili. Za pamba zinanyonya jasho lako na kulipitisha kwenye karatasi, na utaibua alama zako mwenyewe kwa uzuri kabisa.

Nyuma_ya_Risiti

Naingia kwenye risiti, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteza kielelezo.

Uso wa risiti una tabaka lenye rangi isiyoonekana na asidi hafifu, zikiwa chembechembe zilizotenganishwa. Joto la kichwa cha mashine linaziyeyusha, zinakutana, panakuwa peusi. Asetoni, ethanoli na viyeyushi vingine vya polari vinafanya kitu kilekile bila joto: vinaziyeyusha pamoja, karatasi yote inajichapa. Weusi ulioupata hauna uhusiano na ninhidrini.

Dawa yake inashangaza kidogo: kiyeyushi kilekile kikiwa kingi kinaondoa rangi hiyo. Fanya hivi. Piga picha ya maandishi ya risiti kwanza, kwa ubora wa juu, kwa sababu yatafutika na hayatarudi. Weka risiti kwenye trei ya ethanoli au asetoni, upande wenye tabaka ukiwa juu. Itakuwa nyeusi, usishtuke. Itikise taratibu, utaona kiyeyushi kinachukua rangi; badilisha kiyeyushi kipya mpaka karatasi irudi nyeupe. Asidi amino haziyeyuki kwenye asetoni, kwa hiyo zinabaki mahali pake. Mafuta ya ngozi yataondoka, hilo ukubali. Anika, kisha endelea na indandioni au ninhidrini kama karatasi nyingine.

Mpangilio huu usiugeuze. Ukitibu kwa ninhidrini kwanza halafu uoshe weusi kwa ethanoli, unaosha na zambarau uliyoitafuta, kwa sababu zambarau ya Ruhemann inayeyuka kwenye alkoholi.

Kuhusu joto, hata baada ya kuosha mimi siiweki risiti kwenye oveni ya nyuzi 100. Tabaka halitoki lote, na lililobaki linatia kijivu usuli. Iache gizani kwa joto la chumba siku moja au mbili. Inachelewa, lakini inatoka safi.

Kama maandishi hayaruhusiwi kufutwa, una upande wa nyuma. Nyuma ya risiti ni karatasi ya kawaida isiyo na tabaka, na mtu anayepokea risiti humshika pande zote mbili: gumba juu, vidole vingine chini. Hapo tumia fomyula ya HFE au ya etha bila kuosha, na uchovye haraka sana. Alkoholi kidogo iliyomo itatia kijivu mbele, lakini maandishi mara nyingi yanabaki yakisomeka. Jaribu kwanza kwenye risiti tupu ya aina ileile, kwa sababu watengenezaji hawatumii tabaka moja.

Selulosi

Marekebisho madogo kwa ndugu wa risiti: "huishika", si "humshika". Mengine yote sahihi, na hilo la kutogeuza mpangilio liwekwe ukutani.

Fedha_na_Chuma

Bahasha iliyolowa ina matumaini, Mtendanishi. Ila ninhidrini, DFO na indandioni ziondoe akilini kwa hiyo. Maji yameshabeba asidi amino. Kilichobaki ni mafuta na vitu vingine visivyoyeyuka kwenye maji, na njia za kuvishika ni mbili: rangi ya Oil Red O na kiibuzi cha fedha. Oil Red O inatangulia, kiibuzi cha fedha kinamaliza.

Oil Red O ni rahisi. Yeyusha gramu 1.54 kwenye methanoli mililita 770. Pembeni, hidroksidi ya sodiamu gramu 9.2 kwenye maji mililita 230. Changanya, chuja, weka chupa ya kahawia. Karatasi inakaa humo dakika 60 hadi 90 huku trei ikitikiswa polepole, kisha inapelekwa kwenye bafa (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 7, kisha suuza kwa maji. Alama inatoka nyekundu juu ya usuli wa waridi. Inapenda alama changa, za wiki chache. Mafuta yakikauka na kubadilika, rangi haishiki. Na methanoli ni nyingi humo, wino wa kalamu utakwenda.

Kiibuzi cha fedha ndicho ninachokiamini kwa karatasi iliyolowa, hata alama zikiwa za zamani. Wazo lake: ndani ya myeyusho kuna ioni za fedha na chuma cha aina mbili, vimewekwa kwenye mizani kiasi kwamba fedha iko tayari kutoka lakini haitoki ovyo. Ikikuta mabaki ya kidole inaanza kujikusanya hapo, punje juu ya punje, mpaka mstari unaonekana wa kijivu au mweusi. Kila kitu kinachoiyumbisha mizani hiyo kinatoa fedha mahali pasipotakiwa.

Hatua ya kwanza ni asidi malei, gramu 25 kwa lita ya maji. Karatasi nyingi za leo zina chokaa ndani. Ukiipeleka na chokaa yake kwenye fedha, inageuka nyeusi yote. Ndani ya asidi utaona vipovu vidogo vinapanda kutoka kwenye uso wa karatasi, kama soda iliyomiminwa muda si mrefu. Subiri dakika 10 angalau, na kama vipovu bado vipo, endelea kusubiri. Vipovu vikikoma ndipo unahamia trei inayofuata.

Myeyusho wa chuma: kwenye maji mililita 900 yeyusha nitrati ya chuma (III) gramu 30, ikiisha weka salfeti ya amonia na chuma (II) gramu 80, ikiisha weka asidi sitriki gramu 20. Fuata mpangilio huo na usiweke kinachofuata kabla cha kwanza hakijayeyuka. Halafu mililita 40 za myeyusho wa sabuni, na mwisho mililita 50 za maji zilizoyeyushiwa nitrati ya fedha gramu 10. Sabuni ya fomyula ya asili ilikuwa n-dodesilamini asetati gramu 2.8 na Synperonic N gramu 2.8 kwa lita. Synperonic N iliachwa kwa sababu mabaki yake yanadhuru viumbe wa majini, na wengi siku hizi wanatumia fomyula ya Tween 20. Vipimo vyake ni tofauti, usibadilishe sabuni moja kwa nyingine gramu kwa gramu.

Iache karatasi humo dakika 10 hadi 15 huku unaitazama, trei ikitikiswa. Itoe alama zikiwa na utofauti mzuri, kabla usuli haujaanza kukoza. Suuza maji mara kadhaa, anika juu ya karatasi ya kunyonya.

Mambo yanayoharibu, na haya yote yana sababu:

Maji ya bomba yana kloridi, na kloridi inaangusha fedha papo hapo. Maji yawe yamekenekwa, kuanzia asidi hadi suuzo la kwanza.

Trei yenye mikwaruzo. Fedha inapenda mahali pa kuanzia, na mkwaruzo ni mahali pa kuanzia. Utaona mstari mweusi chini ya trei, na nusu ya fedha yako imekwenda huko. Trei za kazi hii ziwe za kioo, zioshwe vizuri, zisitumiwe kwa jambo jingine.

Kibano cha chuma. Tumia cha plastiki au mbao, chenye ncha butu. Karatasi ikiwa mbichi inachanika kama ugali wa jana, na palipobanwa pataacha alama nyeusi ya meno ya kibano.

Asidi ya hatua ya kwanza isiwe asidi hidrokloriki, kwa sababu ileile ya kloridi.

Usuli ukibaki mzito, suuza vizuri sana, kisha pitisha kwenye dawa ya kung'arisha nguo ya hipokloriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Alama inakoza na karatasi inang'aa. Ukifanya hivyo kabla ya kuondoa mabaki ya fedha utapata matope meupe ya kloridi ya fedha juu ya karatasi.

Kwa zile karatasi nyeupe kavu pia, usiishie kwenye ninhidrini. Kiibuzi cha fedha kinakwenda mwisho kabisa baada ya indandioni na ninhidrini, kwa kuwa kinatafuta kitu tofauti. Ila ninhidrini inafutika kwenye maji hayo, kwa hiyo picha zote ziwe zimeshapigwa.

Mtendanishi

Nimeelewa, na nimeshatupa birika. Swali la mwisho: tutajuaje kwamba kielelezo kisichotoa alama hakina alama kweli, na si kwamba myeyusho wetu umekufa?

Indigo532

Kwa kidhibiti, kila mara, bila kuruka. Yeyusha asidi amino yoyote uliyonayo, glisini au serini, kwenye maji, tengeneza nguvu tatu kwa kuzimua mara kumi kumi, dondoshea tone la kila moja kwenye kipande cha karatasi ya kuchuja, kausha. Kipande hicho kinachovywa kabla ya kielelezo. Tone zito likitoka na jepesi lisitoke, myeyusho umechoka. Lisipotoka lolote, simama hapo hapo, usiguse kielelezo.

Tone la asidi amino linapima kitendanishi tu, halipimi karatasi yako. Kwa hiyo ongeza karatasi ya aina ileile ya kielelezo, iguse kwa kidole kilekile mara sita mfululizo bila kukipangusa, ya kwanza nzito, ya sita hafifu. Kata katikati ya kila alama. Nusu moja ipitie njia unayotaka kutumia, nusu nyingine njia nyingine, kisha ziunganishe upya na ulinganishe. Hapo utaona kwa macho yako kama njia A inafika alama ya nne na B inaishia ya pili. Kwa kiibuzi cha fedha usitumie tone la asidi amino, halitatoa kitu. Tumia alama halisi iliyoloweshwa maji.

Fedha_na_Chuma

Na picha za ninhidrini zipigwe mapema. Ile zambarau inafifia kwenye mwanga, na kuna alama zinazokuwa nzuri siku ya pili kisha zinapungua. Tumia mwanga wa kijani, kamera ikiwa kwenye nyeusi na nyeupe: zambarau inameza kijani karibu na nanomita 570, mistari inatoka myeusi juu ya karatasi nyeupe. Weka rula ndani ya fremu, kwenye usawa uleule wa karatasi.